Kipwa pale Rusizi ya Pili

Kwanza nieleze neno lenyewe. Sisi wa Bukavu tunasema kipwa. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema kiangazi, na ile miezi yake ya ubaridi wanaiita kipupwe. Wenyeji wetu wa hapa Rwanda wanasema impeshyi, au icyi. Miezi ni ileile: Juni, Julai, Agosti. Mvua imeondoka, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na alfajiri baridi inakufanya ujifunike blanketi mpaka masikioni.

Nalieleza neno hili kwa sababu dada mmoja anayefanya kazi hapa kambini Kiziba, mtu wa nchi ya theluji, aliniuliza kipwa iliyopita: "Bustani zenu hulala lini?" Akaniambia kwao bustani inalala miezi minne, hakuna jani hata moja, na watu wamezoea kutoka nje kuangalia matawi matupu na kusema, tazama, ni mazuri. Nilicheka. Nikamjibu kwamba zetu hazilali, zinafunga tu, kama mtu wa Ramadhani, halafu nikakimbilia foleni ya maji. Usiku nikaona sikumjibu vizuri. Nikakumbuka bustani ya Shangazi pale Rusizi ya Pili, nikakumbuka na Mama. Makala hii ndiyo jibu langu, na itapita kidogo katika historia, kwa sababu bustani ile haieleweki bila historia.

Wengi wetu Kiziba tunaijua Rusizi ya Pili kwa jambo moja: ndipo tulipovukia. Ninyi wa mashirika mnaijua kama mpaka wenye malori, mihuri na akina mama wenye mabeseni kichwani. Bukavu tunaiita Ruzizi Deuxième, ili tusiichanganye na ile ya kwanza iliyo karibu na ziwa. Wanyarwanda wanaandika Rusizi, Wakongomani Ruzizi. Mto hauna habari na herufi hizo.

Mto huo unatoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, unateremka kwa kelele kwenye makorongo, ukifika Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi. Kipwa haiukaushi, kwa maana hautegemei mvua ya jana. Nyuma yake kuna ziwa zima. Wataalamu wa miamba wanasema zamani za kale maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Ziwa likajaa, likatafuta mlango mwingine, likaupata kusini. Shangazi nilipomweleza jambo hilo alisema, "Kumbe hata mto balimufukuza kwabo." Akaendelea kuchambua maharage.

Nyumba ya Shangazi iko kwenye mteremko juu ya daraja, upande wa Rwanda. Ukikaa kwenye kibaraza unausikia mto mchana na usiku. Maji yale yanazungusha mitambo ya umeme: bwawa la kwanza lilijengwa wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, na la pili lilianza kazi mwaka 1989, umeme wake ukigawanywa kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Nchi tatu zinawasha taa kwa mto huo. Lakini Shangazi hawezi kuchota hata kikombe chake kimoja. Korongo ni refu, na tena mto ni mpaka. Mtu haendi na ndoo mpakani kama anakwenda kisimani. Kwa hiyo kipwa nzima anasikia maji mengi, na ananunua maji ya bomba kwa kidumu, njano, lita 20, kutoka bondeni mpaka juu.

Mtu akishajua hilo, ndipo ataiona bustani yake vizuri.

Ni ndogo. Hatua kumi na mbili kwa nane, nilizihesabu. Julai nusu yake ni kahawia. Mahindi yamevunwa, mabua yamesimamishwa kwenye kona kama watu wanaongojea gari. Kibuyu kimepanda juu ya paa la choo, majani yamekwisha, vimebaki vibuyu vitatu vinaning'inia, vyeupe, ukivigonga vinalia. Lengalenga alizoziacha bila kuchuma zimezaa vichwa virefu. Ukivisugua mkononi zinatoka mbegu nyeusi ndogondogo zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Kitunguu kimelala ubavu. Migomba imechanika majani, upepo wa mchana unaipiga makofi.

Nusu ya pili ni kijani, na kijani hicho kinaonekana zaidi kwa sababu kila kitu pembeni yake kimekauka. Ni ile bustani ya duara yenye ngazi za mawe, Wanyarwanda wanaiita akarima k'igikoni, kashamba ka jikoni. Serikali ya hapa imehimiza kila nyumba iwe nayo, na hata huku kambini tumefundishwa kuitengeneza, ama kwenye duara ama kwenye gunia. Ya Shangazi ina mboga za kuchuma kila siku, mnafu, kabichi mbili, vitunguu vya majani. Katikati ameacha tundu la kutupia maganda na majivu, na humo humo anamwaga maji aliyooshea mchele, maji aliyochemshia maharage yakishapoa, maji aliyonawia uso. Maji ya sabuni nyingi hapana, hayo anayapeleka kwenye mgomba. Kila tone la maji katika nyumba ile limefanya kazi mara mbili kabla ya kuingia ardhini.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka nyuma ya vilima vya Nyungwe, umande unakaa juu ya kabichi kama shanga. Ni dakika ishirini tu. Shangazi anaamka kwa ajili ya dakika hizo. Anatoka na kitenge mabegani, hana jembe, hana ndoo, anasimama tu. Niliwahi kumuuliza anatafuta nini. "Niko naangalia," akasema.

Sasa historia.

Upande huu wa mto, nchi inayoitwa Rusizi leo, wazee wanaiita Kinyaga. Kabla ya mpaka kuchorwa, ziwa na mto vilikuwa njia kuliko kuwa ukuta. Watu wa magharibi ya Kivu walisuka vikuku vya nyuzi vinavyoitwa butega, wakavileta mashariki kubadilishana kwa chakula na mifugo. Ndoa zilivuka, mbegu zilivuka. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa Brussels wakagawana. Mpaka ukafuata mto Rusizi na kupita katikati ya ziwa. Kisiwa cha Ijwi kikaenda Kongo. Mtu aliyekuwa na shamba huku na shemeji kule, akajikuta ana wafalme wawili wa Ulaya. Miaka sita baadaye, katika vita kuu ya kwanza, Wabelgiji waliuvuka mto na kuitwaa Rwanda, mto ukawa na bwana mmoja kila upande, lakini mstari ukabaki palepale.

Katika Kinyaga hiyo, upande wa msitu wa Nyungwe, kulikuwa na himaya mbili ndogo, Bukunzi na Busozo. Mami wao waliogopwa kwa jambo moja: mvua. Watu waliamini kwamba wao ndio wanaoweza kuiita, na hata makao makuu ya mwami wa Rwanda yalipeleka zawadi kwao ili mvua isikosekane. Mwami wa Bukunzi, Ndagano, alifariki mwaka 1923, na katika miaka michache iliyofuata Wabelgiji wakazimaliza himaya zote mbili kwa nguvu za askari, wakaweka machifu wao. Mimi si mtu wa kuamini wafanya mvua. Lakini nikikaa kwenye kibaraza kile mwezi wa nane, koo limekauka, naelewa kwa nini mtu angepeleka ng'ombe kwa yeyote anayesema ataimaliza kipwa.

Wabelgiji nao walikuwa na jibu lao kwa kipwa, na jibu lilikuwa amri. Njaa kubwa ya Rwakayihura, 1928 mpaka 1929, iliua watu wengi Rwanda na kuwasukuma wengine kukimbilia nchi jirani, Kongo na Uganda. Baada yake wakulima walilazimishwa kulima mihogo na viazi vitamu, vyakula vinavyovumilia jua, na kufungua mabonde ya majimaji ili kulima wakati wa kiangazi. Njaa nyingine, Ruzagayura, ilikuja 1943 mpaka 1944. Mpaka leo Rwanda ina msimu wa tatu wa kilimo, unaoitwa msimu C, ambao ni wa mabondeni tu wakati milima imekauka. Ukisafiri Julai kwa basi ukaona vilima vya rangi ya ngozi ya simba, halafu chini yake utepe wa kijani kibichi wa mboga na viazi, ujue utepe huo una mkono wa mkulima, una amri ya Mbelgiji, na una njaa mbili ndani yake. Mimi nauona mzuri. Wazee walioulimia fimbo sijui waliuonaje.

Na kuna kahawa. Mibirizi haiko mbali na Rusizi ya Pili. Mapadre Weupe walifungua misheni pale mwaka 1903, na ni huko Mibirizi ambako kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa, katika bustani ya mapadre, miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Jina la kijiji likawa jina la aina ya mbuni. Kitu kilichoanza kama bustani ya nyumba moja, katika miaka ya 1930 kikawa lazima kwa wakulima, na baadaye kikawa pesa ya nchi nzima. Shangazi ana mibuni minne kwenye uzio wa chini, aliikuta. Kipwa inaifanya isimame tu, majani yameinama, huwezi kuisifia chochote. Lakini kwenye vifundo vya matawi kuna vichipukizi vidogo kama punje za mchele, vimefumba. Ukame ndio unaoviandaa. Vinangoja mvua ya kwanza ya Septemba, na siku chache baada ya mvua hiyo vinafunguka vyote pamoja, vyeupe, harufu kama asumini, na baada ya siku mbili tatu vimekwisha. Bila kipwa nzuri, maua yanakuja ovyo, leo mawili, kesho matatu. Dada wa theluji, hapo ndipo tulipo karibu na kwenu.

Upande wa pili wa mto bustani zilikuwa na historia yake. Bukavu ya babu yangu iliitwa Costermansville, kwa jina la ofisa Mbelgiji, Paul Costermans, mpaka katikati ya miaka ya 1950. Wazungu walijenga nyumba kwenye zile rasi zinazoingia ziwani, na kila nyumba ilikuwa na bustani: waridi, bugenvilia, majani yaliyokatwa sawasawa. Babu alikuwa boyi wa bustani. Kipwa ndiyo ilikuwa miezi yake migumu, kwa sababu majani ya bwana yalitakiwa kubaki kijani Julai kama Aprili. Alibeba maji kutoka ziwani, ndoo mbili kwa mti wa begani, tangu alfajiri. Jioni akirudi kwake Kadutu, mihogo yake mwenyewe ilikuwa imenyauka na hakuwa na nguvu ya kuipelekea maji. Mama alikulia katika habari hiyo. Kwake ua la kipwa lilikuwa kitu kinachonyweshwa kwa mgongo wa mtu.

Hata hivyo Mama alikuwa na bustani Bukavu, na aliipenda. Alikuwa na mparachichi, mipapai miwili, na uzio wa maua. Julai na Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hapa Rwanda, watu kwa maelfu walivuka madaraja haya kwenda Bukavu. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, kwenye nyua za watu. Ilikuwa kipwa. Familia tatu zililala katika bustani ya Mama. Hakuwafukuza. Walikula mapapai mabichi, wakakata uzio wakapikia, mwishowe mparachichi ukaenda kuni. Mama alisimulia bila hasira. Alisema tu kwamba tangu siku ile alijua mti ni kitu ambacho mtu mwingine atakuja kukikata.

Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu yetu. Mwisho wa Mei 2004 vita vilianza Bukavu, na tarehe 2 Juni mji ukaanguka. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka Rusizi ya Pili na mfuko mmoja na sufuria, na katika sufuria Mama alikuwa amefunga kitambaa chenye mbegu za lengalenga. Kumbukumbu yangu ya daraja ni vumbi. Lilikuwa jekundu na laini kama unga, watu wengi walikuwa wameshalikanyaga. Tukalala kwenye kituo cha muda, kisha wengine wakarudi Bukavu mambo yalipopoa, wengine sisi tukaletwa Kiziba, kwenye kilima hiki ambacho wenzetu walikuwa wamekikalia tangu 1996. Shangazi hakurudi wala hakuja kambini. Aliolewa palepale, Rusizi ya Pili, na mwanamume mwenye nyumba juu ya daraja.

Wiki ya kwanza Kiziba Mama alimwaga lengalenga nyuma ya nyumba, kwenye kipande kisichozidi kitanda. Baada ya wiki tatu, nne, tulikula. Akaacha mashina mawili yazae mbegu, akamwaga tena. Alifanya hivyo miaka kumi na tano. Jirani mmoja alimletea mche wa parachichi, akaukataa kwa adabu. Mimi nilipokuwa sekondari nilitaka kupanda mti wowote, hata mpapai. Akaniambia, "Muti ni neno ya kwetu. Hapa tuko mu njia." Mtu aliye njiani anapanda kitu anachoweza kung'oa na kula kabla hajaitwa kwenye gari. Kupanda mti, kwa Mama, ilikuwa kutia sahihi kwamba hatutarudi.

Najua si yeye peke yake. Ninyi wa mashirika mnaokuja na miche mkashangaa kwa nini watu wanaipokea kwa mikono miwili kisha inakauka nyuma ya mlango, labda mnadhani ni uvivu au maji. Maji ni kweli ni tatizo. Lakini katika nyumba nyingine miche inakauka kwa sababu hiyo aliyoisema Mama, na hakuna fomu yenye mstari wa kuandika jibu hilo.

Shangazi yeye alifanya kinyume. Kipwa ileile ya 2004, hata hajajua atakaa au atarudi, alikata matawi manene ya umuko kwa jirani, akayachimbia kando ya nyumba yawe uzio. Umuko ni mti wenye miiba na gome zito kama gamba. Ukichimbia tawi lake, linaota, ndiyo maana watu wanaufanya uzio. Mzee wa jirani alipoona alimwonya. Umuko ni mti wa Ryangombe. Katika masimulizi ya Rwanda, Ryangombe alikuwa mwindaji mkuu, nyati akampiga pembe, akafia kwenye umuko. Waliomfuata walifanya ibada zao chini ya mti huo, na wakauita pia umurinzi, mlinzi. Wamisionari walipigana na ibada hizo miaka na miaka. Shangazi ni mtu wa Kanisa, anaimba kwaya. Akamjibu mzee, "Mimi nataka uzio tu, Baba." Lakini hakuung'oa.

Sasa ndipo nije kwenye kipwa iliyopita. Mwishoni mwa Agosti nilipata ruhusa nikashuka kwenda kumwona. Nilikuwa sijafika huko tangu Mama alipotutoka, kipwa ya 2019. Nilifika jioni. Moshi na vumbi vilikuwa vimejaa hewani, milima ya Kongo nyuma ya Bukavu haikuonekana kabisa, kama imekunjwa na kuwekwa. Vilima vyote vilikuwa vya rangi moja. Nikapanda njia ya kwenda nyumbani kwake, nikainua macho, nikaona uzio.

Umuko huwa unaangusha majani kiangazi. Yaani mti umekauka, unauona mifupa mitupu, miiba na gome. Halafu, bila jani hata moja, unatoa maua, mekundu sana, yamesimama wima juu ya matawi kama vilemba vya jogoo. Uzio mzima, miti kumi na moja, mifupa na moto. Ndege wadogo wenye midomo mirefu walikuwa wanaingia na kutoka. Pande zote hakukuwa na ua lingine lolote. Na mti ule hakuna mtu aliyewahi kuunyweshea hata kikombe tangu uliposhika mizizi. Nilimkumbuka Babu na ndoo zake mbili.

Nikasimama pale na begi mkononi mpaka Shangazi akatoka kuniita. Usiku, tukiwa tunakula ugali na sombe, nilimwambia maneno ya Mama, kwamba mti ni neno la kwetu na hapa tuko njiani. Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alisema, "Mama yako hakukosea. Ile miaka yote alikuwa kwabo, mu roho. Mimi nilichoka kuwa pahali pabili." Akanyamaza kidogo. "Lakini muti haiulizi kama utakaa. Inauliza kama uko leo." Kisha akasema kitu ambacho nimekiwaza sana: kwamba siku akirudi Bukavu, umuko hautamzuia. Atakata tawi, atavuka nalo daraja. Mti unaoota kwa tawi, akasema, ni mti wa watu wanaohama.

Sitaki kusema kwamba Shangazi alikuwa sahihi na Mama alikosea. Shangazi ana nyumba, ana hati, ana mume wa hapa. Mama alikuwa na kipande cha kitanda kimoja kwenye ardhi ya kuazimwa. Ni rahisi kusifia mti ukiwa na mahali pa kuuchimbia. Na mbegu zile za lengalenga, nikizifikiri leo, ni kitu kilichovuka mpaka na kuzaa kila mwaka bila kukosa. Watu wangapi kwenye kata yetu wanakula lengalenga zilizotoka katika kitambaa kile, sijui hata wenyewe kama wanajua. Mimi ninazo bado. Nazimwaga kila mwaka, naacha mashina mawili.

Lakini asubuhi ya kuondoka nilimwomba Shangazi panga. Tulikata tawi moja, nene kama mkono wangu, urefu unaonifika kiunoni. Tukalifunga jani la mgomba. Kwenye basi kutoka Kamembe kondakta alitaka kunitoza kama mzigo; abiria wakacheka, mama mmoja akauliza kama ninakwenda kupigana. Njia yote ya kando ya ziwa, Nyamasheke mpaka Karongi, nililishika katikati ya magoti. Nilimwomba kiongozi wa mtaa wetu, akaja akaangalia mahali, nyuma ya nyumba pale ambapo maji ya mvua yamekuwa yakila udongo, akasema hapo litasaidia hata kushika ukingo. Nikachimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama sahani. Sikutia maji mengi, nilitia yale ya kunawia.

Tarehe za katikati ya Septemba mvua ya kwanza ikaja. Baada ya wiki moja na siku kidogo Shangazi akanipigia simu asubuhi na mapema, nikadhani kuna msiba. "Kahawa imefunguka," akasema. "Yote. Njoo uone." Sikuwa na nauli. Akasogeza simu kwenye mbuni, kana kwamba harufu itapita. Nikasikia nyuki, na nyuma yao mto.

Tawi langu hapa halijatoa kitu bado, ila ukilikwangua kidogo kwa ukucha chini ya gome ni kijani. Liko nyuma ya mstari wetu wa nyumba, karibu na mfereji, nimelizungushia mawe matatu. Jirani, ukilipita unatafuta kuni, tafadhali usilivute. Najua linafanana na kuni.